Kabla Hujalipa Ada

Minneapolis

Mwanangu,

Orodha ya masomo uliyonitumia nimeipitia mstari kwa mstari. Hongera sana kwa kupata nafasi chuoni. Umeniuliza kama masomo hayo ni magumu. Nitafika huko, ila kuna swali linalotangulia: ukimaliza, utaishi wapi?

Nauliza kwa sababu shahada ya uzamili ya uchambuzi wa tabia ni kitu kimoja, na cheti cha BCBA, cha kitaaluma cha wachambuzi wa tabia, ni kingine. Shahada unapewa na chuo. Cheti kinatolewa na BACB, bodi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1998, baada ya masomo, mafunzo kwa vitendo na mtihani. Na tangu Januari 1, 2023 bodi hiyo imeacha kupokea waombaji kutoka sehemu kubwa ya dunia. Wanaoishi Marekani wanapokelewa, Tanzania haimo. Ukisoma kwa mtandao ukiwa Arusha utapata shahada yako halali, lakini mtihani wa BCBA hutaufanya maadamu unaishi hapo. Tangazo la chuo linasema masomo yanakidhi vigezo vya bodi, na ni kweli yanakidhi. Asiyekidhi ni wewe, kwa sababu ya anwani yako, na hilo hawakuliandika.

Sisemi usisome. Kama lengo lako ni kubaki na watoto wako wa kitengo cha elimu maalumu, elimu hii itakufaa hata bila herufi nne baada ya jina. Ila wasiliana na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mapema, ujue kama shahada ya chuo hicho, tena iliyosomwa kwa mtandao, wataitambua. Kama mnafikiria kuhamia huku, hesabu inabadilika.

Sasa masomo. Kwa orodha ya bodi iliyoanza kutumika mwaka 2022, zinatakiwa saa 315 za darasani, sawa na krediti 21. Kabla ya hapo zilikuwa 270. Falsafa na kanuni za msingi zina saa 90, mbinu za kubadili tabia 60, upimaji na usanifu wa majaribio 45, tathmini ya tabia 45, maadili 45, na usimamizi wa wafanyakazi 30. Masomo mengine utakayoyaona kwenye orodha yako ni ya chuo chenyewe.

Wanafunzi wengi wanazikimbilia zile 60 za mbinu. Wewe mbinu unazo nyingi, umezipata chuoni Patandi na umezitumia miaka yote hiyo kitengoni. Nguvu zako ziweke kwenye tathmini.

Chukua mtoto anayerusha daftari kila hesabu zinapoanza. Mwalimu anamtoa nje. Kesho anarusha tena, na keshokutwa. Ofisini wanasema mkorofi huyu, adhabu haimwingii. Mchambuzi wa tabia anauliza: kabla daftari halijaruka kulikuwa na nini, na baada ya kuruka mtoto alipata nini? Alipata kuziepuka hesabu. Kumbe kutolewa nje ndiyo malipo yake! Katika fani hii adhabu haipimwi kwa maumivu. Adhabu ni kile kinachopunguza tabia, na tabia isipopungua, basi hakuna adhabu iliyotolewa, hata mwalimu achoke mkono. Kwa nchi ambayo kanuni zake bado zinaruhusu viboko shuleni, hilo pekee linatosha kumfanya mwalimu akae chini afikiri upya.

Makala ya Brian Iwata na wenzake ya mwaka 1982 isome mapema, usingoje upangiwe. Walifanya kazi na watu waliokuwa wakijiumiza wenyewe, wakabadilisha mazingira kwa utaratibu ili waone kama mtu anatafuta kuangaliwa, anakwepa kazi, au mwili wenyewe unapata kitu katika kitendo kile. Tabia ni ileile moja, sababu mbalimbali, na kila sababu na tiba yake.

Upimaji utakuchosha mwanzoni. Hutamlinganisha mtoto na wenzake, utamlinganisha na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Unahesabu kabla ya kuanza, unaingiza mbinu, unaiondoa, unairudisha, na grafu inakuonyesha kama ni mbinu iliyofanya kazi au ni bahati tu. Kwa mtoto anayejigonga kichwa ukutani, kuondoa mbinu iliyomtuliza ni ukatili, kwa hiyo utajifunza kuianzisha kwa zamu, mtoto mmoja baada ya mwingine, usiondoe kitu.

Kwenye maadili ndipo nakuomba usome kwa mashaka. Kanuni za sasa, zilizoanza mwaka 2022, zinakataza zawadi ya zaidi ya dola 10. Zilizotangulia zilikataza zawadi yoyote. Mimi kikazi naingia nyumba za Wasomali hapa Minneapolis, na katika nyumba hizo kukataa chai ni kumvunjia mwenyeji heshima. Nakunywa, namshukuru, naendelea na kazi. Kanuni hizohizo zinataka uepuke kumhudumia mtu mwenye uhusiano mwingine nawe. Katika mji ambao mama wa mtoto ni shemeji yako, ama mnaimba kwaya moja, utamhudumia nani? Usiidharau sababu ya kanuni, kwa maana mtoto anaweza kweli kuumia kwa sababu wakubwa wanaoneana aibu kuambiana ukweli. Lakini mlazimishe mhadhiri wako alijibu swali hilo kwa mazingira yako. Lihoji vilevile lengo la kumfundisha mtoto kumtazama mtu machoni, lililojaa kwenye mipango ya huku. Kwetu anayemkazia macho mkubwa anaambiwa hana adabu.

Na wahadhiri wasimruke Ivar Lovaas. Utafiti wake wa mwaka 1987 pale UCLA, wa watoto wenye usonji waliofundishwa saa 40 kwa wiki, ndio ulioipa fani hii jina kubwa. Humo humo walitumia ukali wa sauti na kofi la pajani. Leo kuna watu wazima wenye usonji wanaosema walichofundishwa utotoni ni kutii na kujificha. Wasikilize hao kabla ya kumsikiliza mhadhiri anayewapuuza.

Fildi ya kawaida, yaani mafunzo kwa vitendo, ni saa 2,000. Bodi ina ukomo wa saa inazohesabu kwa mwezi, kwa hiyo hata ukijaza kila mwezi hutamaliza chini ya mwaka. Tena angalau asilimia 60 lazima ziwe kazi za kichambuzi: kusoma data, kuandika mipango, kuwafundisha wazazi na wasaidizi. Kukaa na mtoto mezani, ambako ndiko unakokupenda, hakuwezi kuzidi asilimia 40.

Fanya hivi wiki hii. Waandikie wa chuo uwaulize nani atakusimamia fildi ukiwa Arusha, na ni wahitimu wangapi waliosoma kutoka nje ya Marekani na sasa wanafanya kazi gani. Wakujibu kwa maandishi. Wakikupigia simu badala ya kuandika, niambie. Ada ya muhula wa kwanza tutachangiana, ila niyaone majibu yao kwanza.

Msalimie kaka yangu, na umkumbushe kliniki ya presha ni kila mwezi, si akijisikia vibaya.

Shangazi yako