Kisigino Kilicholia na Mguu Ulionyamaza

Akina mama wenzangu, nyumbani kwetu kulikuwa na miguu miwili migonjwa kwa wakati mmoja: mguu wangu wa kulia na mguu wa kushoto wa Baba Neema. Wangu uliuma, wake haukuuma. Habari za mguu wangu zilijulikana kwa watoto, kwa majirani na kwa wenzangu wa kwaya. Habari za mguu wake hakuna aliyezijua, hata yeye mwenyewe. Nawasimulia haya kwa sababu wengi wetu tunaishi na waume, mama wakwe au wazazi wenye ugonjwa wa kisukari, na ni sisi tunaofua soksi zao.

Nianze na mguu wangu, maana ndio uliotupeleka hospitali. Kila alfajiri nilipokanyaga sakafu ya sementi nilisikia kama mtu amenipigilia msumari kisiginoni. Hatua za kwanza nilizitembea nikishika ukuta. Nikishawasha jiko na kubandika chai, maumivu yalipungua. Lakini mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kazi yangu ni ya kusimama, na ikifika jioni yalikuwa yamerudi. Jirani mmoja alisema ni baridi imeingia mifupani. Mwingine alisema ni gauti, niache maharage. Baba Neema akaomba ruhusa kazini, akaniambia, "Mama Neema, kesho twende, nami nitakusindikiza."

Daktari alinibonyeza mahali pamoja tu, chini ya kisigino kwa upande wa ndani, nami nikaruka. Akaeleza kwamba chini ya unyayo upo utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, unaoshikilia unyayo kama kamba ya upinde. Ukivutwa sana kwa kusimama, kwa uzito wa mwili au kwa kutembea peku juu ya sementi, unaumia pale unaposhikana na mfupa. Usiku unajikunja, na asubuhi unapokanyaga unavutwa ghafla. Nilimwuliza kama hapana haja ya picha ya eksirei, kwa kuwa nimesikia habari za mfupa unaoota kama mwiba. Akasema watu wengi wana mwiba huo na hawaumwi kamwe, na wengine wanaumwa bila kuwa nao.

Dawa niliyopewa ni kazi zaidi kuliko vidonge. Kabla ya kushuka kitandani nivute vidole vya mguu kuelekea kwangu, nihesabu hadi 10, nirudie mara 10. Nisimame mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kikigusa chini, ninyooshe msuli wa nyuma ya mguu. Jioni nikanyage chupa ya maji yaliyoganda na kuizungusha chini ya unyayo. Nisitembee peku ndani ya nyumba, na zile kandambili nyembamba kama karatasi nizitupe. Alinionya kwamba yataisha kwa miezi, si kwa siku, na kwamba wengi hupona hivyo bila sindano wala kisu. Miezi mitano baadaye nilikuwa nashuka kitandani bila kushika ukuta. Habari ya kisigino changu ndiyo hiyo, haina zaidi.

Wakati daktari anaandika, Baba Neema alitoa kipande cha mkate mfukoni, kwa kuwa saa yake ya kula ilikuwa imefika. Nesi aliyekuwepo, mama mtu mzima, akamtazama.

"Baba, una sukari?"

"Ninayo, sista. Mwaka wa 11 huu."

"Na nyayo zako zilitazamwa lini?"

Baba Neema akacheka. "Nyayo zina nini? Mimi haziniumi hata kidogo. Mgonjwa wa miguu ni huyu mama."

"Ndiyo maana nakuuliza, baba. Hebu vua viatu."

Akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa imeloa chini ya kidole gumba. Nesi akaipindua ile raba, akaingiza mkono ndani, akatoa msumari mdogo wa fundi viatu. Ulikuwa umepenya soli na ncha yake imesimama ndani kama jino. Unyayoni palikuwa na sugu nene, na katikati ya sugu tundu jeusi linalotoa maji. Ameutembelea msumari ule kwa siku ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Asubuhi ile alikuwa ametembea nami kutoka kituo cha basi, akinishika mkono ili mimi nisiumie.

Kisha nesi akachukua kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni. Akamwambia afumbe macho, na kila akiusikia uzi aseme "ndiyo." Uzi huo umetengenezwa hivi kwamba ukiubonyeza hadi ukajikunja, unasukuma kwa nguvu ya gramu 10, na asiyeusikia amepoteza ulinzi wa mguu wake. Nilikuwa nimeketi nikitazama. Uzi uligusa kidole gumba ukajikunja. Ukagusa chini ya kidole cha kati, ukagusa na upande wa kidole cha mwisho. Baba Neema alikuwa amefumba macho kwa utulivu kama mtu aliye kwenye maombi. Mahali pa nne akasema kwa upole, "Haya, anza basi, sista."

Hapo nililia, naye hakujua nalia nini.

Walitueleza kwamba sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, yaani inayofika vidoleni mwa miguu. Ndiyo maana ganzi huanza chini na kupanda, miguu yote miwili, kama mtu anayevaa soksi. Mishipa inayotoa jasho nayo hufa, ngozi inakauka na kupasuka. Misuli midogo hulegea, vidole hujikunja, uzito wa mwili unaangukia mahali pamoja, na hapo panaota sugu. Sugu nayo hubonyeza nyama iliyo chini yake hadi panafanyika kidonda ambacho mwenyewe hana habari nacho. Sehemu kubwa ya miguu inayokatwa kwa ajili ya kisukari ilianza na kidonda cha namna hiyo.

Baadaye nilisoma habari za daktari mmoja, Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914, mwana wa wamisionari. Tangu 1946 alifanya kazi katika hospitali ya Kikristo ya Vellore, akawahudumia wenye ukoma. Watu walidhani ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Yeye akagundua kwamba nyingi za hasara zile zililetwa na ganzi: mtu anashika sufuria ya moto, anatembea juu ya kidonda, na hata panya humtafuna usiku bila yeye kuamka. Safari moja, alipokuwa anarudi Uingereza, alivua soksi hotelini akaona kisigino chake hakisikii. Akajichoma pini, hakusikia kitu. Usiku kucha alikesha akijua amepata ukoma. Kulipokucha akajichoma tena, akapiga yowe kwa maumivu, akamshukuru Mungu kwa yowe lile. Kumbe mguu ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa muda mrefu ndani ya treni. Nilipoisoma habari hiyo, kisigino changu kilikuwa bado kinauma, na nikawa sikichukii kama mwanzo. Daktari huyo alihamia Carville, Marekani, mwaka 1966, na kule mafunzo yake ya ukoma yakawafaa watu wa kisukari, ikiwa ni pamoja na ile plasta nitakayoieleza.

Nchi kama Uingereza na Marekani zina wataalamu wanaosomea miguu tu, wanaoitwa podiatristi. Kwetu wako wachache sana, na kazi yao hugawanywa: nesi wa kliniki ya kisukari huosha na kukagua, daktari hupasua panapohitajika, na mafundi wa viungo bandia na viatu tiba, kama wanaofundishwa TATCOT pale KCMC Moshi tangu 1981, hushona viatu. Baba Neema alipita kwa wote watatu. Kwanza walipapasa mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo, kwa sababu mguu usiofikiwa na damu hauponi kwa bandeji. Wakaingiza kijiti cha chuma ndani ya kidonda kuona kama kinagusa mfupa. Hakikugusa. Wakaikata ile sugu yote kwa kisu mpaka nyama nyekundu, naye amekaa anazungumza habari za mpira. Wakampa dawa ya kuua vijidudu. Mguu ulipokuwa safi wakamfunga plasta ngumu, hogo, kutoka vidoleni hadi chini ya goti, ikiwa imebana sawasawa na umbo la mguu ili uzito usambae badala ya kuangukia kidondani.

Nilimwuliza nesi kwa nini wasimpe kiatu cha kuvua na kuvaa. Akanijibu, "Mama, kiatu cha kuvua atakivua. Mguu haumuumi, nini kitamkumbusha?" Jibu hilo nimelitafakari sana. Plasta ilibadilishwa kila wiki, na wiki ya tisa kidonda kilikuwa kimefunga.

Wiki hizo tisa hazikuwa rahisi. Mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini na majani yake, akataka mwanawe aloweke mguu wa pili katika maji ya moto ili ganzi itoke. Sikumjibu kwa ukali, maana ni mama yangu. Nilimwomba atie kiwiko chake kwanza. Akakitoa haraka. "Mwanao angeuacha mguu humo ndani, mama, mpaka ngozi itoke," nilimwambia. Majani akayachemshia chai, akainywa yeye.

Sasa kila usiku baada ya sala ya familia Baba Neema anaketi kwenye kigoda, nami natazama nyayo na katikati ya vidole kwa taa. Naosha kwa maji ya uvuguvugu, nakausha, napaka mafuta ya mgando, isipokuwa kati ya vidole, ambako unyevu huleta fangasi. Kucha nazikata moja kwa moja bila kuzungusha pembe, zisije zikaingia nyamani. Sugu hatugusi kwa wembe wala kwa zile dawa za kuunguza zinazouzwa sokoni. Hiyo ni kazi ya nesi. Viatu vinakung'utwa kabla ya kuvaliwa, hata vya kanisani.

Jambo moja ambalo nesi alilisema kwa mkazo, nami nalirudia kwa mkazo. Mwenye kisukari na ganzi akivimba mguu au kifundo, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana kidonda, hata kama anasema ameteguka tu na haumwi. Huenda mifupa ya ndani inavunjika na kusagika huku anaitembelea. Ugonjwa huo una jina la Charcot, daktari wa Ufaransa, na ukichelewa unaacha mguu umepinda moja kwa moja.

Viatu tiba vya Baba Neema, vipana mbele na vyenye soli nene ya ndani, vina miezi saba sasa. Yeye huvisema kuwa ni vya babu, ila huvivaa. Jana usiku niliona kile cha kushoto kimeanza kulika upande mmoja, na nesi alisema vikilika hivyo vibadilishwe soli kabla sugu haijarudi. Fundi ametuambia tuvilete Ijumaa.