Mwenyeji Huonja Kwanza

Jioni moja mzee wa zoni yetu hapa Nyarugusu alinijia. Binti yake anachumbiwa. Akasema, "Mwanangu, wewe unafanya kazi na vijana, unajua kila kona. Nitafutie urwarwa."

Nikanyamaza. Kila wiki mimi ndiye ninayewaambia vijana waache gongo. Rafiki yangu tuliyevuka naye ziwa mwaka 2015, gongo imemmaliza. Sasa mimi tena nikatafute pombe?

Ila lile ombi lilinirudisha nyumbani. Sisi tulikaa Rumonge mjini, karibu na ziwa, lakini bibi aliishi juu milimani, Burambi. Huko alikuwa na migomba ya igitsiri. Ile ndizi si ya kupika, inakaza ulimi. Bibi alizifukia shimoni na majani ya mgomba siku kadhaa mpaka ziive. Anamenya, anakamua kwa nyasi, yanatoka maji matamu: umutobe. Akitaka urwarwa anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika, anangoja siku mbili tatu. Ile isiyotiwa maji ndiyo insongo, kali, ya wazee.

Kukiwa na wageni, alishuka na vibuyu viwili. Urwarwa haukuwekwa kwenye friji. Ulikaa kivulini ndani ya nyumba. Tulikula na mukeke wa kuchoma, pilipili na ndimu. Mukeke ana mafuta, na ule uchachu unayakata vizuri.

Na kile kibuyu cha pili? Kilikuwa cha majirani zetu Waislamu. Umutobe wa siku hiyo hiyo, kwenye kibuyu ambacho pombe haijawahi kuingia. Hakuna aliyemkumbusha bibi. Vyote viwili alivionja yeye kwanza mbele ya watu, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani.

Nikamwambia mzee, "Baba, tutumie umutobe."

Alikasirika. "Juisi ni ya watoto! Wakwe watanicheka."

Nikamwuliza, wale majirani wa Rumonge walioozana kwa umutobe, ndoa zao hazikuwa ndoa? Akatazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa. Ila tufuate utaratibu wote."

Tukanunua ndizi mbivu sokoni, akina mama wakakamua. Mukeke hatukupata, tulipika ndagala wakavu kwa mawese. Siku yenyewe mzee alionja kwanza, akampa baba wa kijana, naye akapitisha kwa wenzake.

Rafiki yangu naye alikuwepo. Kibuyu kilipomfikia, watu waliangaliana. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akampa jirani yake. Sidanganyi, kesho yake alirudi kwenye gongo. Lakini ile gongo anainywa peke yake nyuma ya nyumba, na hakuna mtu anayemwonjea kwanza.

Jumamosi ameniuliza kama kuna posa nyingine.