Uzio wa Huku Una Mlango

Ndugu zangu wa Kolandoto, Ibadakuli na Mwamalili, mwangaluka.

Nimeudhika. Shangazi yangu amenitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri ya Pasaka, akilalamika kwamba nilikuja Ujerumani kuuguza wagonjwa, si kukimbizana na miti. Picha yangu nikiwa na bukta katikati ya msitu imemfikia, sijui kwa mkono wa nani. Hilo ningelicheka nikalala. Kilichoniudhi ni neno alilolipitia juujuu mwishoni: ile njia yetu ya kushukia mtoni imezungushiwa seng'enge, mwenye kiwanja amejitokeza, na sasa watu wanazungukia barabara ya lami. "Tumeshazoea," akasema.

Mmezoea nini, jamani? Mmezoea watoto wa shule kubanana na malori ya pamba?

Niwaeleze ninakoishi ndipo mnielewe. Tübingen ni mji mdogo kusini mwa Ujerumani, wenye chuo kikuu cha tangu 1477 na hospitali kubwa. Nikitoka zamu ya usiku siwezi kulala moja kwa moja, kwa hiyo navaa raba. Mto Neckar unapofika mjini unagawanyika na kukumbatia kisiwa chembamba, na juu ya kisiwa hicho kuna njia iliyopandwa mikuyu ya Kizungu pande zote mbili, mirefu hata majira ya joto jua haligusi ardhi. Hiyo ndiyo njia ya wavivu, na ndiyo yangu siku nyingi.

Nikiwa na nguvu napanda nyuma ya ngome ya Hohentübingen, nashika mgongo wa kilima cha Spitzberg kuelekea magharibi, msitu juu, mizabibu ikiteremka upande wa kusini hadi kijiji cha Hirschau, mpaka nionane na kanisa dogo la Wurmlingen likiwa peke yake juu ya kichuguu chake cha kijani. Mapafu yanalalamika. Mimi mtoto wa Shinyanga, niliyezaliwa kwenye mwinuko unaopita mita 1,000, nahema kama ng'ombe wa mnadani huku bibi wa miaka sabini ananipita na fimbo zake mbili akinisalimu kwa jina la Mungu, maana ndiyo salamu ya huku.

Na Jumapili kuna Schönbuch. Huo ni msitu wa kilomita za mraba 156, hifadhi tangu 1972, na unaanzia mlangoni mwa mji. Unapita Bebenhausen, penye monasteri ya karne ya 12, unafuata kijito cha Goldersbach, na ukipenda unapotea. Lakini kupotea ni kazi ngumu, na hapa ndipo nilipotaka kuwaleta. Kila njia panda ina kibao. Kila baada ya hatua kadhaa mti una alama ya rangi. Nilidhani ni kazi ya serikali. Kumbe sehemu kubwa ni kazi ya chama cha watembeaji, Schwäbischer Albverein, kilichoanzishwa 1888, na wanaopaka alama hizo ni wanachama wanaojitolea, wengi wazee waliostaafu. Mzee anapewa kipande chake cha njia. Anakikagua, anakata matawi yaliyoanguka, anarudishia alama iliyofutika. Halipwi. Akifa, anatafutwa mwingine.

Juu ya wazee hao ipo sheria. Sheria ya misitu ya shirikisho ya mwaka 1975 inamruhusu kila mtu kuingia msituni kwa mapumziko, hata kama msitu ni mali ya mtu binafsi. Ukijikwaa kwenye mzizi ni shauri lako, huwezi kumdai mwenye msitu kitu. Ndani ya Schönbuch kuna eneo kubwa lililozungushiwa uzio kwa ajili ya kulungu. Mara ya kwanza kuuona nikasema basi, nimefika mwisho, ndiyo yale yale ya kwetu. Nikakuta mlango. Unafungua, unapita, unafunga. Uzio umewekwa kumzuia kulungu asitoke. Binadamu hajazuiwa.

Sisemi Wajerumani ni malaika. Kupe wa msituni huku wanaambukiza ugonjwa wa ubongo, na nimechanjwa kwa sababu hiyo. Desemba saa kumi na moja jioni ni giza totoro, watu wanakimbia na taa kichwani wakidhani wanaishi. Na utakimbia saa nzima bila mtu kukuuliza wewe ni mwana wa nani. Kwetu ukimpita mzee mbio bila kusimama, umetukana ukoo. Ule mwangaluka, na habari za nyumbani, na mvua huko kwenu, na ng'ombe, vinaua mwendo kabisa. Nimeanza kuvikumbuka.

Sasa nigeuke kwenu, nanyi mnivumilie. Mnaniambia mambo ya njia za msitu ni ya watu wenye hela na nafasi. Mnanidanganya, na mnajidanganya. Ni nani aliyewafundisha Wasukuma kuhifadhi eneo? Ngitili zilikuwepo kabla ya mradi wowote: babu alifunga kipande cha malisho masika ili kiangazi ng'ombe wasife. Nchi yetu ilipokuwa imekatwa miti kwa kampeni za kufukuza ndorobo, kwa pamba na kwa mkaa, hata Shinyanga ikaitwa jangwa, mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, wa mwaka 1986 haukuleta mti mpya kutoka mbinguni. Uliwarudishia wazee ngitili zao, na dagashida, baraza letu la jadi, pamoja na sungusungu wakatoza faini. Katika Shinyanga ya wakati ule, kabla ya Simiyu na Geita kuwa mikoa mwaka 2012, zikarudi zaidi ya hekta 300,000. Watu wa mataifa walikuja kujifunza kwetu.

Basi mti tuliuwekea mlinzi, na anayeukata anaogopa. Njia hatukuiwekea mtu. Anayeifunga haogopi chochote, kwa sababu kisheria hajafunga kitu: mpima viwanja alipokuja hakuna aliyemwonyesha. Njia ya mtoni, njia ya kisimani, palio la ng'ombe, ile ya kukatisha kwenda hospitali ya Kolandoto, ambayo watu wameipita pengine tangu wamisheni waanzishe hospitali hiyo mwaka 1913, zote ziliishi kwenye miguu yetu tu. Mwenye kiwanja ana hati, ana bikoni. Nyinyi mna mazoea. Mbele ya ofisa ardhi nani atashinda?

Na ile dhihaka kwamba mtu mzima anayekimbia ama ameiba ama anafukuzwa, iacheni. Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, kwa saa 2:09:48, muda ule ule na Amanal Petros, Mjerumani mzaliwa wa Eritrea. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wodini kwangu hawakunisemesha mpaka saa nne, na mimi nilihakikisha nimevaa skafu ya Taifa. Simbu ametoka Ikungi, Singida, ambako mabasi yenu ya Dar hupita kila siku. Alianzia kwenye vumbi kama hilo lenu.

Wanaotaka kuanza, hasa vijana wa chuo cha afya, sikilizeni. Tokeni saa kumi na mbili alfajiri, saa mbili muwe mmeshaoga, jua la kwetu halina mzaha. Barabara ya Mwanza na ile ya Kishapu waachieni mabasi, shikeni njia za vumbi. Raba laini itatobolewa na mwiba wa mgunga siku ya kwanza. Chagueni soli ngumu, na mjomba mwenye katambuga msimcheke, ameelewa kitu. Masika msikanyage mbuga, ule udongo mweusi utawavua viatu, na kiangazi nyufa zake zinavunja kifundo. Mto uliokauka asubuhi unaweza kushuka na maji jioni kama imenyesha juu, hivyo msipumzikie kwenye mchanga wake. Ngitili ya mtu ombeni ruhusa, na msiitawanye mifugo. Mabinti, nendeni wawili au watatu. Mpeni taarifa mwenyekiti wa mtaa na kamanda wa sungusungu kwamba mtakuwa mnapita, la sivyo utapigwa mwano, ule ukelele wa kuita watu, na kijiji kizima kitakukimbiza. Hapo ndipo utajua kasi yako halisi. Na mzee simameni mumsalimu. Dakika hiyo mtaifidia mbele.

Wewe mwenye kiwanja cha njiani, sikujui na sina ugomvi nawe, umenunua kihalali. Nakuomba uache upenyo wa upana wa ng'ombe wawili kando ya mpaka wako. Au weka mlango.

Na nyinyi wengine, kwenye mkutano wa mtaa unaokuja msiulize posho wala mbolea peke yake. Ombeni ramani ya upimaji itandikwe mezani, mzee mmoja aoneshe kwa kidole njia zote anazozijua, na katibu aziandike kwenye muhtasari kabla bikoni nyingine haijasimikwa. Shangazi, wewe unazijua kuliko wote. Nenda.