Chanzo: Uzembe

Kuna kijana alipoteza kazi kwa sababu ya ripoti niliyoiandika mimi. Ripoti haikuwa ya kweli. Sikudanganya kwa makusudi. Nilifanya jambo la kawaida zaidi, nilimaliza kazi haraka.

Nilikuwa afisa usalama katika depo moja la mafuta Dar es Salaam, upande wa Kigamboni, mahali ambapo maboza hupanga foleni tangu usiku yakisubiri petroli na dizeli ya kupeleka Mbeya, Tunduma na kuvuka hadi Zambia na Kongo. Nilitakiwa kuzuia ajali, na zikitokea nizichunguze. Kuzuia nilizuia kwa mabango. Kuchunguza nilichunguza nikiwa nimekaa. Nilikuwa na kiyoyozi, kofia ngumu nyeupe isiyo na mkwaruzo hata mmoja, na fomu yenye sehemu iliyoandikwa "Chanzo cha ajali". Chini yake kulikuwa na visanduku: hitilafu ya kifaa, mazingira ya kazi, uzembe wa mfanyakazi, mengineyo.

Ukiweka tiki kwenye hitilafu ya kifaa, fundi atakuja kuuliza ni kifaa gani, wa manunuzi atauliza bei, na bosi atauliza kwa nini hukusema mapema. Ukiweka tiki kwenye uzembe, hakuna anayeuliza kitu. Mtu anapewa barua ya onyo, faili linafungwa, mnakwenda kula. Nilipenda kufunga mafaili.

Kijana mwenyewe alikuwa tandiboi. Alianguka kutoka juu ya boza wakati wa kupakia. Kwa asiyewahi kusimama karibu na boza, niseme kwamba ukiwa juu yake uko juu kuliko dari ya chumba cha kawaida, na unachokanyaga ni bati lililopinda, mara nyingi lina dizeli. Tangi limegawanywa chemba kadhaa, kila moja na mfuniko wake. Wakati huo tulikuwa tunapakia kwa juu: bomba linateremshwa ndani ya chemba, mafuta yanajaa, kiwango kinapimwa kwa kijiti, mfuniko unafungwa na kupigwa lakiri, kisha unahamia chemba inayofuata. Lazima mtu apande. Kwa ajili hiyo, chini ya paa kulikuwa na waya wa chuma na kamba zinazoning'inia, na kila apandaye alitakiwa kuvaa mkanda wa usalama na kuushikiza kwenye kamba kwa kulabu muda wote. "Muda wote" tuliandika kwa rangi nyekundu.

Alipoanguka alikuwa amevaa mkanda. Kulabu haikuwa imeshikizwa. Alivunjika mkono karibu na kiwiko. Nilipomfuata kwenye chumba cha huduma ya kwanza, akiwa bado anatetemeka, aliniambia, "Bosi, kamba haifiki chemba ya mwisho."

Nililiandika hilo kwenye daftari langu. Lipo hadi leo, kwa mwandiko wangu. Kwenye ripoti halikuingia. Nilijiambia kwamba kila anayeanguka huwa na sababu, na kwamba nikianza kuzisikiliza zote sitamaliza. Nikaweka tiki: uzembe. Mapendekezo: wafanyakazi wakumbushwe kanuni. Kampuni ya usafirishaji iliyomwajiri iliisoma ripoti na kuachana naye kabla plasta haijatolewa.

Baadaye akaanguka dereva. Huyu alikuwa mtu mzima, mwenye miaka mingi barabarani kuliko niliyokuwa nayo mimi kwenye meza. Chemba ileile ya mwisho, kulabu haijashikizwa vilevile. Alivunjika nyonga. Mimi, bila aibu, nikatoa ripoti ya kijana ili ninakili sentensi. Nilibadilisha jina, tarehe, na kiungo kilichovunjika. Ingekuwa imekamilika siku ileile kama watu wa bima wasingedai picha zilizopigwa kutoka juu, na kama mpigapicha wetu asingekuwa likizo.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo kazini sikuwahi kumwambia mtu: naogopa sana kwenda juu. Afisa usalama wa mahali ambapo watu hupanda kutwa nzima, nami nilikuwa sijawahi kupanda boza. Siku hiyo nilipanda. Fundi mmoja alinisaidia kufunga mkanda, akahangaika kidogo na kitambi, nikashikiza kulabu na kuivuta kuhakikisha, kama bango langu lilivyoelekeza. Nikapita chemba ya kwanza, ya pili, ya tatu nimeshika reli. Nilipokaribia ya mwisho, kamba ikakaza na kunizuia mgongoni. Mfuniko niliotakiwa kuupiga picha ulikuwa mbele kidogo tu. Nikapeleka mkono nyuma, nikafungua kulabu, nikasogea hatua mbili, nikachuchumaa, nikapiga picha.

Nilikuwa naandaa picha ya pili ndipo nikaelewa. Kulabu ilikuwa inabembea nyuma yangu. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenikimbiza, na mimi ndiye mtu mwoga kuliko wote waliokuwa pale. Sikutafakari, sikupima hatari, sikudharau kanuni. Kazi ilikuwa mbele, kamba imeishia nyuma, mkono ukafanya unachofanya. Nikatazama chini. Wapakiaji walikuwa wananiangalia, na hakuna aliyepiga kelele. Kwao ndivyo mtu anavyofika chemba ya mwisho.

Nikauliza kutoka palepale juu, kwa sauti isiyokuwa ya afisa: kamba imekuwa hivi tangu lini? Wakanieleza kwa upole, kama mtu anayeelezwa jambo linalojulikana kuwa analijua. Waya ulifungwa zamani, matrela yalipokuwa mafupi. Yalipokuja marefu, mkia ukawa unabaki nje ya paa. Wote walijua. Wasimamizi wa zamu waliambiwa. Na afisa usalama aliambiwa, akaandika kwenye daftari.

Nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja.

Kisha mafaili niliyokuwa nimeyafunga niliyafungua upya mwenyewe. Kulikuwa na dereva aliyepewa onyo kwa kutofunga waya wa ethi. Mafuta yakikimbia ndani ya bomba hujikusanyia umeme tuli, na cheche ndogo katikati ya mvuke wa petroli inatosha kuwasha kila kitu, kwa hiyo boza hufungwa waya wa kupeleka umeme huo ardhini kabla vali haijafunguliwa. Nilikwenda kukitazama kibanio cha waya huo. Meno yalikuwa yamelika, na sehemu ya kubania kwenye maboza mengi ilikuwa imepakwa rangi. Ungeweza kukibana ukaondoka ukiamini umefunga. Kulikuwa na mwingine aliyerudi nyuma na kukanyaga mpira wa mafuta. Nilikuwa nimeandika "hakuwa makini". Alikuwa kwenye foleni tangu jioni ya jana yake na hakuwa amelala. Mambo haya hayakuwa yamefichwa na mtu. Sana sana tuliyaficha sisi, kwa lile bango la siku zilizopita bila ajali na mfuko wa mchele na sukari kwa kila zamu isiyoumia, hadi mtu akawa anaona bora afunge kidole kitambaa kuliko kuwakosesha wenzake sukari.

Linalonichekesha, na si kicheko kizuri, ni kwamba nilikuwa nimefundishwa. Kwenye kozi tulisoma Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti, lililoungua usiku wa tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167. Mafundi walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja na kuziba tundu kwa bamba la chuma. Kibali cha kazi ya vali kilikaa sehemu nyingine, mbali na kibali cha pampu yenyewe. Usiku pampu ya pili ilipozimika, waliokuwa zamu wakapata kibali kimoja, cha pili hawakukiona, wakawasha pampu isiyokuwa na vali. Gesi ikavuja na kulipuka. Pampu za kuzimia moto zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono ili zisiwavute wapiga mbizi majini, na majukwaa jirani, Claymore na Tartan, yakaendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea kwenye moto. Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na mengi yalihusu namna kazi inavyosimamiwa. Kwenye mtihani nilijibu swali hilo vizuri sana. Lakini ningepewa fomu yangu usiku ule, najua ningeweka tiki wapi: uzembe, zamu ya usiku.

Na Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, ambako mnara wa kiwanda cha kusafishia mafuta ulijazwa kupita kiasi na watu 15 wakafa? Ningeandika kwamba waendeshaji waliujaza kupita kiasi, na ningekuwa sijakosea neno. Wachunguzi hawakuishia hapo. Walikuta kipimo kilichokuwa kinaonyesha kimiminika kinashuka wakati kinapanda, king'ora kisicholia, na waendeshaji waliokuwa wamefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo.

Usifikiri nasema hakuna wazembe. Wapo, mmoja nimekueleza habari zake tangu mwanzo. Na kama kazini kwako unajaza fomu, hata iwe ya jikoni au ya gereji, najua jinsi kisanduku kile kinavyovutia saa sita mchana.

Waya ulirefushwa. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja ya mchomeleaji, na gharama yake sikuhitaji hata kuiombea kibali cha makao makuu. Dereva alilipwa fidia. Anatembea kwa mkongojo na hataendesha tena. Kwa kampuni ya kijana niliandika ripoti ya pili nikieleza kuwa ya kwanza ilikuwa na makosa na kwamba makosa ni yangu. Walinijibu kwa adabu kwamba nafasi yake imeshajazwa. Nilimtafuta, nikamkuta anaendesha bajaji karibu na kivuko. Nilimweleza yote. Aliuliza kama kamba imerefushwa, nikasema ndiyo, akaniambia nisogee kidogo, abiria anapanda.

Fomu bado ni ileile. Niliandika barua kuomba ibadilishwe, ikajadiliwa kwenye kikao, na kikao kikaahirishwa. Juzi kijana aliyerithi meza yangu alinipigia simu.

"Shikamoo Mzee. Samahani, huyu aliyebanwa vidole na mfuniko, niweke tiki wapi? Si uzembe?"

Nikamuuliza kama ameshapanda kuutazama mfuniko wenyewe.

"Bado, Mzee. Nimewaambia waniletee picha."