Barabara ya Koboko na Likizo ya Watoto

Familia nyingi za Arua na Koboko zinazoishi Kampala huenda nyumbani kila Desemba. Basi huondoka usiku, hupita Luweero, Karuma na Pakwach, na baada ya karibu kilomita 500 huwashusha abiria Arua wakiwa hoi, watoto wakiwa wamelala njia nzima. Wakishafika, baba huitwa kwenye kikao cha ukoo au matanga yaliyokuwa yakimsubiri, mama huingia jikoni na shemeji zake, na watoto huachiwa uwanja mpaka siku ya kurudi. Safari hiyo ina heshima yake na sitaki ikome. Ninachodai ni kwamba bado haijawa likizo ya familia, kwa sababu wakubwa na wadogo husafiri pamoja kisha wakatengana langoni. Ingeweza kuwa likizo kamili bila kujenga hata ukuta mmoja, kama wazazi wangeipangia shughuli barabara ile ile wanayoipita gizani.

Wazo la kuipangia likizo shughuli limejaribiwa kwingine, na matokeo yake yanafaa kutazamwa. Mwaka 1968 Piet Derksen, Mholanzi aliyekuwa akiuza vifaa vya michezo, alifungua kijiji cha nyumba ndogo msituni karibu na Reuver, katika mkoa wa Limburg. Familia ya mjini ilikodi nyumba yenye jiko lake, ikaacha gari pembeni, ikawa inazunguka kwa miguu na baiskeli kati ya miti. Mwaka 1980 kampuni yake, inayojulikana leo kwa jina la Center Parcs, iliongeza huko De Eemhof bwawa la kuogelea lililofunikwa kwa kioo, ndani yake joto la nchi za tropiki mwaka mzima. Wanaosifu vijiji hivyo hutaja bwawa kwanza. Kwangu mimi jambo kubwa lilitangulia bwawa: kila mchezo uliwekwa karibu kiasi kwamba mzazi hakubaki na kisingizio cha kumwacha mtoto aende peke yake. Kile kioo kiliwaletea Waholanzi hali ya hewa wasiyokuwa nayo. Arua, ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, unayo hali hiyo tayari. Tunachopaswa kuiga ni lile la kwanza, yaani mzazi kushiriki.

Basi niifuate barabara, mchana safari hii. Kabla ya Karuma, upande wa Nakasongola, iko hifadhi ya Ziwa, ambako tangu 2005 Uganda imekuwa ikirudisha vifaru. Mgeni hushuka garini na kutembea nyuma ya askari wa wanyama hadi karibu na kifaru mweupe anayekula majani. Mtoto aliyemwona huko atakuwa na swali tayari atakaposikia jina la Rhino Camp, mji wa ukingoni mwa Nile chini ya Arua. Mwanzoni mwa 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka mmoja nyuma, alipiga kambi huko pamoja na mwanawe Kermit. Mji huo ulikuwa katika eneo la Lado, lililokuwa bado mikononi mwa Wabelgiji, na West Nile, yaani eneo lenye Arua na Koboko, haikuunganishwa na Uganda hadi 1914. Baba na mwana waliwapiga risasi vifaru weupe ili ngozi na mifupa ipelekwe makumbusho ya Smithsonian. Walionusurika baadaye walitengewa hifadhi ya Ajai, iliyopewa jina la chifu wa mahali hapo, lakini vita na majangili waliwamaliza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wale wa Ziwa ni vifaru weupe wa kusini. Wa kaskazini, ambao ndio wa West Nile, wamebaki wawili duniani tangu dume wa mwisho, Sudan, alipokufa Machi 2018: Najin na binti yake Fatu, wote majike, wanaolindwa Ol Pejeta nchini Kenya. Historia hiyo yote iko kwenye njia moja ya basi, na mtoto wa miaka tisa anaielewa vizuri akiwa na mzazi wa kumsimulia.

Kutoka Karuma barabara inapita kando ya Hifadhi ya Murchison Falls hadi daraja la Pakwach, na mara nyingine tembo huonekana dirishani. Hapa kuna watakaonikatiza: tutaachaje kuuliza usalama? Ni swali la haki. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 waasi wa LRA waliishambulia njia hii, magari yakawa yanasindikizwa na jeshi, na huko West Nile kwenyewe kulikuwa na makundi ya waasi mpaka UNRF II ilipotia saini amani na serikali huko Yumbe, Desemba 2002. LRA waliondoka kaskazini mwa Uganda kufikia 2006. Hofu ya wazazi waliokua wakati huo ina msingi, ila haistahili kurithishwa watoto kama kwamba hakuna kilichobadilika. Mpaka wa Sudan Kusini ni suala jingine, kwa kuwa hali yake hubadilika, na anayepanga kufika huko hana budi kuwauliza wenyeji na viongozi wa wilaya wiki ile ile ya safari. Mto nao usichukuliwe kuwa bwawa. Nile ya Pakwach ina mamba, viboko na kichocho. Kuogelea kunangoja mabwawa ya hoteli za Arua.

Arua mjini, kazi ya mzazi ni nyepesi. Sokoni mtoto atasikia Kilugbara, Kinubi, Lingala na Kiswahili kwenye meza moja ya dagaa wakavu. Mezani kwa bibi kuna enyasa, ugali wa mtama na muhogo, pamoja na osubi, majani ya kunde, na kumfundisha mjukuu kuvisonga na kuvipika kunachukua alasiri nzima. Jambo linalonisikitisha ni Barifa. Msitu huo wa hifadhi pembezoni mwa jiji ndio mahali panapofaa zaidi kwa njia za miguu, bembea na kivuli. Tangu Arua upandishwe hadhi kuwa jiji Julai 2020, thamani ya ardhi imekuwa hoja ya kila kikao, na mti usiokuwa na msemaji hukatwa kwanza. Familia zikianza kuutumia, zitakuwa na sababu ya kuusemea.

Pingamizi lililo zito zaidi ni fedha. Wengi watasema likizo ya namna hii ni ya wenye magari na mishahara minono. Nakubali kwamba Ziwa wanatoza kiingilio, na kushuka njiani kunamaanisha nauli mbili. Lakini nauli ya Desemba, ambayo ndiyo gharama kubwa, tayari inalipwa. Malazi ni kwa ndugu. Na vilima havina mlango wala tiketi. Asiyeweza Ziwa aiache. Asichopaswa kuacha ni milima ya Wati na Liru. Katika masimulizi ya Walugbara, mababu mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, walitoka upande wa kaskazini na kuzaa koo nyingi. Dribidu alifia mlima Wati, mashariki mwa Arua, na Jaki alifia Liru, huko Koboko. Mwanaanthropolojia John Middleton aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu chake cha 1960, lakini wazee wanayo bila kitabu.

Barabara ya Arua hadi Koboko sasa ni ya lami, sehemu ya njia inayoanzia Vurra kwenye mpaka wa Kongo hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Koboko ni kwa Wakakwa, jamii ya baba yake Idi Amin, na mtoto atauliza habari zake. Ajibiwe kwa ukweli: mauaji ya utawala wake, kisha kisasi cha baada ya 1979 kilichowasukuma watu wa West Nile kwa maelfu kuvuka mipaka hiyo hiyo kama wakimbizi, hata wale wasiokuwa na hatia yoyote. Ndipo ataelewa ni kwa nini makazi ya wakimbizi ya Lobule yanawapokea Wakongomani, na ya Bidibidi kule Yumbe Wasudan Kusini tangu 2016. Kuna watakaosema mambo haya ni mazito kwa likizo. Watoto hao huyasikia vipande vipande uwanjani, bila mtu mzima wa kuyanyoosha. Afadhali wayasikie kwa baba yao wakipanda Liru. Desemba ni mwanzo wa kiangazi, njia ni kavu, na kupanda kuanze alfajiri, maji yakiwa ya kutosha na babu akiwa ameshasimulia habari za Jaki usiku uliotangulia. Kikao cha ukoo kihamishiwe alasiri.