Sauti ya Kuazima

Mtunzi kumkabidhi mghani beti zake si jambo geni kwa wapenzi wa ushairi. Lakini jina la mtunzi hutajwa. Tomas Milian, mwigizaji aliyezaliwa Havana mwaka 1933, mara nyingi alisikika kwa sauti ya mwingine. Filamu za Italia za zama zake zilitiwa sauti studioni baada ya picha kupigwa, na kwa kuwa lafudhi yake ilikuwa ya kigeni, maneno yake yalisemwa na Ferruccio Amendola, huyo huyo aliyemsemea Robert De Niro kwa Kiitaliano.

Mwaka 1976 Umberto Lenzi alimfanya Monnezza, mwizi mdogo wa Roma. Bruno Corbucci akamfanya Nico Giraldi, polisi mwenye kofia ya sufu. Filamu zenyewe, kusema kweli, baadhi ni hafifu. Lakini yale matusi yenye vina, kwa lahaja ya vichochoro vya Roma, mengi aliyatunga Milian mwenyewe, mgeni wa lugha ile! Watu wakayakariri kwa sauti ya Amendola.

Amendola alifariki mwaka 2001. Milian aliishi hadi 2017, na kumbukumbu zake za mwaka 2014 aliziita *Monnezza amore mio*, yaani Takataka, mpenzi wangu.