Saa Zetu na Saa za Mitambo

Kupanga kazi ya pamoja ni kukubaliana nani atafanya nini, na lini. Hapo zamani makubaliano hayo yalikaa katika daftari la katibu, naye ndiye aliyezunguka kuwakumbusha wenzake. Sisi walimu wa Kiswahili hapa Kigali, tunapoandaa pamoja na wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa tarehe 7 Julai, kazi hiyo ya kukumbusha tumezikabidhi programu za kompyuta.

Namna yake si ngumu. Kila kazi huandikwa katika kadi ya Trello: kuchagua mashairi ya wanafunzi, kusahihisha tamthilia, kupeleka mialiko. Programu nyingine, Zapier, hukaa katikati mfano wa tarishi. Kadi ikipewa tarehe, tarishi huipeleka katika kalenda ya mhusika. Ikihamishiwa upande wa kazi zilizokamilika, barua pepe humfikia mwalimu anayengoja zamu yake. Kwa mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, faida hii si haba.

Walakini tarishi huyu hajui Kiswahili. Sisi huhesabu saa tangu kukucha, na Wanyarwanda vivyo hivyo. Mtambo huanza katikati ya usiku. Mwalimu akiandika 3:00 kwa kufuata ulimi wake, akikusudia saa tatu asubuhi, kalenda itamwekea mkutano saa tisa usiku. Tena saa za Kigali ziko nyuma ya zile za Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Kalenda hurekebisha tofauti hiyo yenyewe, mradi kila mtu ameitajia mji wake. Tarehe nazo zina mtego: 5/7 kwetu ni tarehe 5 Julai, bali programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma tarehe 7 Mei.

Katibu wa daftari angeshtuka kuona mkutano wa saa tisa usiku. Programu haishtuki. Kosa likishaingia katika kadi moja, hupelekwa kwa uaminifu katika kalenda, barua pepe na simu za wote, na shairi la mtoto aliyejitahidi huenda lisifike mkononi mwa msahihishaji kwa wakati.

Kwa sababu hiyo tumejiwekea kanuni. Saa huandikwa 09:00, na kando yake maneno "saa tatu asubuhi, Kigali". Mwezi huandikwa kwa jina lake. Kila kadi hubeba jina la mtu mmoja, si la kamati, kwa maana kumbusho la wote halimwamshi yeyote.

Wako wenzetu waonao kuwa ni heri tuziache saa za Kiswahili, tufuate za mitambo tu. Hatuafikiani nao. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na mwanafunzi ajifunzaye saa zake hujifunza jinsi wasemaji wanavyoigawa siku. Yafaa basi kalenda hiyo hiyo iingie darasani: wanafunzi wasome 14:00, waseme saa nane mchana, kisha waeleze ni saa ngapi Dar es Salaam. Kuunganisha programu ni kazi ya mtambo. Kuafikiana juu ya maana ya maneno yanayopita ndani yake ni kazi yetu.